Mhariri Aliliona Hilo Korongo Kabla Yako

Kila nikitaja kazi yangu ya kuhariri filamu mbele ya mpenzi wa filamu za bunilizi ya kisayansi, najua kinachofuata: "Kwenye Jurassic Park mhariri alilala, ehe? Lile korongo lilitoka wapi?" Yaani, kwenye filamu hiyo ya dinosaria, T. rex anatoka kwenye uzio kwenye ardhi tambarare, kisha dakika chache baadaye pale pale pana bonde refu la ghafla. Juzi nimeulizwa tena, na safari hii nikatumiwa na video ndefu yenye mishale myekundu. Basi leo naandika, ili mwingine akiniuliza nimtumie kiungo, niendelee kukata picha za watu.

Mwendelezo ni shoti kukubaliana na shoti: mkono ulioshika glasi, maji yamefika wapi, nywele zimelala upande gani, jasho limekauka au bado. Hadithi isipojumlika, hilo si letu, mpelekee mwandishi. Na kitu kilichobadilishwa makusudi si kosa hata kidogo. Bado watu wanaiorodhesha Back to the Future (1985) kwa sababu Marty, kijana anayesafiri kwenye wakati, anaondokea duka kubwa la Twin Pines Mall ("misonobari miwili") na kurudi kukuta kibao kimeandikwa Lone Pine Mall ("msonobari mmoja"). Jamani, alipofika 1955 aliugonga kwa gari msonobari mmoja wa mzee Peabody, mwenye shamba ambako duka lilikuja kujengwa, mbele ya macho yako! Ilikuwa miwili, ukabaki mmoja. Hilo limekwisha.

Blade Runner (1982) ni kesi nyingine. Bryant, mkuu wa polisi, anasema watu wa kutengenezwa waliotoroka ni sita, mmoja kaungua kwa umeme. Wanabaki watano, lakini sisi tunaonyeshwa wanne tu: Roy, Pris, Leon na Zhora. Kwa miaka mingi mashabiki waliapa kwamba wa tano ni Deckard mwenyewe, yule anayetumwa kuwawinda. Ukweli ni mkavu zaidi. Kulikuwa na mhusika anaitwa Mary, akafutwa kwenye muswada, sentensi ya Bryant ikabaki. Toleo la 2007 likarekebisha: walioungua ni wawili, hesabu ikakaa sawa. Kama Deckard ni mtu au si mtu, bishaneni, ila msinitolee ushahidi wa sentensi iliyosahaulika.

Sasa korongo. Mchana, magari yanasimama kwenye uzio, mbuzi wa kumlisha T. rex anapandishwa juu kwa jukwaa, na ardhi ya ndani inaonekana iko usawa wa barabara. Usiku, T. rex anakata nyaya na kutoka kwa miguu, bila kupanda popote. Dakika chache baadaye analisukuma gari kwenye ukingo uleule wa barabara, na ng'ambo ya ukingo kuna ukuta mrefu: Grant na mtoto Lex wananing'inia kwenye waya, gari lenye Tim, mdogo wake Lex, linaangukia juu ya mti. Ndiyo, tumeona. Wote tumeona. Mhariri wa filamu ile ni Michael Kahn, na mhariri huirudia shoti moja hadi anaiota usingizini. Unadhani wewe ndiye wa kwanza kuona shimo lenye ukubwa wa gorofa?

Watetezi wana ramani. Wanasema mbuzi alikuwa kwenye kipande kilichoinuka, bonde linaanzia pembeni yake, na gari lilizungushwa na kusukumwa mpaka likafika upande wa bonde. Inawezekana kabisa. Tatizo langu ni kwamba ramani hiyo haimo kwenye picha. Kipande hicho kinaishia wapi? Hakuna shoti inayoonyesha. Kwetu sisi, kisichokuwemo kwenye futeji hakipo, hata mjenzi wa seti akiapa.

Halafu kumbuka picha zilivyopatikana. Mandhari ya nje ya kisiwa yalipigwa Kauai, Hawaii. Shambulio la usiku lilipigwa ndani ya studio huko Burbank, California, chini ya mvua ya bandia. Yule T. rex wa ukubwa kamili alikuwa mashine, ngozi yake ikinyonya maji, uzito unapanda, mwili unaanza kutetemeka. Ikabidi wamkaushe kwa taulo kati ya teki na teki, yaani kila shoti iliporudiwa kupigwa. Katika hali hiyo msimamizi wa mwendelezo anaandika kila kitu kwenye ripoti yake, na bado unachukua teki ambayo mnyama amekubali kufanya kazi.

Na hata ungekuwa na teki zote za dunia, unachagua nini? Mwigizaji analia kwelikweli kwenye teki ambayo glasi imeshikwa kwa mkono wa kushoto, na kwenye teki ya mkono wa kulia amekauka kama dagaa. Mimi nachukua machozi, glasi itajijua. Walter Murch, mhariri mashuhuri wa filamu, aliwahi kupanga vigezo vya mkato mzuri: hisia akazipa asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, na mwendelezo wa nafasi, yaani nani amesimama wapi, asilimia 4. Wa mwisho kabisa. Namba zenyewe hakuna aliyezipima kwa rula, na sisi wahariri tunapenda kujificha nyuma yake. "Nilichagua hisia" ni kauli ambayo nimeisikia ikifunika uvivu mtupu. Mwongozaji hana namna ya kujua kama ni hisia au uvivu, na mara nyingine hata mhariri mwenyewe hajui.

Ndiyo maana korongo lile linanisumbua kuliko ninavyokiri kwa wenye mishale. Kwa anayetazama mara ya kwanza, hisia ilishinda: macho yako kwa watoto, kuna giza na mvua, nani anaangalia udongo? Lakini siku hizi filamu inatazamwa mara kumi, kidole kikiwa kwenye kitufe cha kusimamisha, na hapo sina hakika asilimia 4 bado ni 4. Shoti moja tu ya mchana, sekunde mbili, kamera ipite juu ya uzio tuone ardhi inakatika pale pembeni, ingetosha. Ningekuwa kwenye chumba kile cha uhariri ningeiomba. Wangenijibu kwamba kikosi cha Kauai kimesharudi nyumbani.