Mafanikio ya mwalimu kwa kipimo chake mwenyewe

Mafanikio ya kazi yana pande mbili. Upande mmoja kila mtu anauona: cheo, daraja, mshahara. Upande wa pili ni jinsi mhusika mwenyewe anavyoihukumu safari yake ya kazi. Mwanasosholojia wa Marekani, Everett Hughes, alizitenganisha pande hizi mwaka 1937. Kwa walimu, pande hizo huachana sana.

Chanzo ni muundo wa kazi yenyewe. Ngazi ya ualimu ni fupi: aliyeajiriwa juzi na anayekaribia kustaafu wanaweza kufundisha madarasa yanayolingana, kwa mtaala uleule. Anayetaka kupanda zaidi huhamia ofisini, akawa mwalimu mkuu au mkaguzi, na vipindi alivyovipenda vikapungua au kwisha. Ndiyo maana wapo wanaopandishwa cheo wakajiona wamepungukiwa, jambo ambalo nadhani wapangaji wa elimu hulipuuza mno.

Mwaka 1975 mwanasosholojia Dan Lortie alionyesha kuwa walimu wa Marekani walithamini kuliko yote malipo ya moyoni, yaani kujua kwamba wamemfikia mwanafunzi. Lakini malipo hayo hayana tarehe. Mwanafunzi akifaulu, sifa ni ya nani: mwalimu wa sasa, wa mwaka jana, au mzazi? Na matunda mengine huiva mwanafunzi akiwa ameshaondoka.

Ushahidi ukichelewa hivyo, mwalimu hutegemea sana imani yake kwamba anaweza kumfundisha hata mwanafunzi mgumu. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kuwa imani ya aina hii hujengwa zaidi na kufaulu kwa vitendo, kisha kuona wenzako wakiweza na kutiwa moyo. Hapo shule ina mkono wake: darasa lililofurika au mwalimu mkuu asiyesikiliza huvidhoofisha vyote vitatu.

Jamii nayo inachangia. Katika TALIS, utafiti wa kimataifa kuhusu walimu, wa mwaka 2018, ulioendeshwa na OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), walimu takriban 9 kati ya 10 waliridhika na kazi yao, ilhali robo hivi tu waliona jamii inaithamini.

Michael Huberman, aliyewachunguza walimu wa sekondari Uswisi, alikuta kuwa waliofika mwisho wa kazi wakiwa wameridhika zaidi ni wale waliozoea kujaribu mbinu ndogondogo darasani mwao. Waliojitosa katika mageuzi makubwa ya shule nzima walielekea kumaliza na uchungu.