Je, wajua kwa nini klabu ya makoplo bado imesimama katikati ya maghorofa ya Singapore?

Beach Road ya Singapore haina ufukwe. Jina ni la enzi bahari ilipokuwa ikipiga hapohapo kandokando ya barabara, kabla haijafukiwa kidogo kidogo. Ng'ambo ya hoteli ya Raffles kuna jengo fupi la zamani, na nyuma yake minara miwili ya ghorofa 34 na 45. Ukilitazama utadhani mwenye tingatinga alilisahau.

Lilifunguliwa 1952 kwa jina la Britannia Club, chini ya NAAFI, shirika la kantini za majeshi ya Uingereza (Wakenya, fikirieni AFCO). Maafisa walikuwa na mabwalo yao, na Raffles ilikuwepo kwa wenye nazo. Koplo na askari wa kawaida wakajengewa hapa: chakula, bia, bwawa la kuogelea, saa chache za kukaa bila kumpigia mtu saluti. Ni miaka ileile ya vita vya msituni Malaya, ambako askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki) kutoka Kenya na Nyasaland, Malawi ya leo, nao walipelekwa.

Uingereza ilipoondoa sehemu kubwa ya majeshi yake 1971, ikafika zamu ya wenyeji: jengo likaja kuwa klabu ya masajini wa jeshi la Singapore. Na kwa kuwa vijana wa kiume huko hulitumikia jeshi kwa lazima tangu 1967, ni nyumba chache zisizo na mtu aliyevaa sare.

Ila kumbukumbu haizuii tingatinga. Kilicholizuia ni zabuni. Ardhi ni ya serikali, na ilipokodishwa kwa miaka 99 mwaka 2007, kwa dola bilioni 1.69 za Singapore, sharti lilikuwa wazi: majengo manne, yaani klabu hii na matatu ya kambi ya jirani ya miaka ya 1930, hayabomolewi. Aliyeweka dau alishapiga hesabu zake akijua hivyo.

Wasanifu wa Foster + Partners wakatandaza juu ya uwanja paa lililopinda kama mawimbi, likiunganisha ya kale na minara. Linakinga jua kali, linaelekeza upepo kwa wapita njia na kukusanya maji ya mvua.

Klabu yenyewe sasa ni sehemu ya hoteli ya kifahari. Mimi silalamiki, jengo lisilo na kazi huoza. Ila koplo wa 1952 angetupia jicho bei za humo, akarudi kambini kula.