Maji yanayosimamiwa kwa usalama: si kila mfereji

Kila kinapozinduliwa kisima kipya, iwe Pemba au Unguja, hakosekani mtu wa kushika kipaza sauti na kusema kwamba wananchi wa shehia hii sasa wanapata maji safi na salama kwa asilimia mia moja. Kesho yake maneno hayo yamo kwenye habari, na baada ya muda yameingia katika ripoti ya mradi. Furaha ya watu waliopata maji ni haki yao, na hakuna sababu ya kuitia doa. Lakini siku hizi taarifa zinakwenda mbali zaidi. Zinasema shehia fulani "imefikia lengo la dunia la maji yanayosimamiwa kwa usalama", na ushahidi wake ni picha ya mfereji unaotoka maji na watoto wameuzunguka. Hapo inabidi tusahihishane, kwa sababu lengo hilo lina maana yake iliyoandikwa, na mfereji peke yake haulitimizi.

Maana yenyewe ni fupi. Maji ya kunywa huhesabiwa kuwa yanasimamiwa kwa usalama pale yanapotoka kwenye chanzo kilichoboreshwa (mfereji, kisima cha kuchimbwa kwa mashine, kisima au chemchem iliyohifadhiwa, maji ya mvua) na yakatimiza masharti matatu kwa pamoja: yapatikane nyumbani au uani, yapatikane wakati yanapohitajika, na yasiwe na vimelea vya kinyesi wala kemikali zinazopewa kipaumbele, yaani aseniki na floridi. Kwa upande wa vimelea, asionekane bakteria wa E. coli, ambaye ni dalili ya kinyesi, hata mmoja katika mililita 100 za maji. Hii ndiyo tafsiri wanayoitumia Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto (UNICEF), waliokabidhiwa kazi ya kufuatilia lengo namba 6.1 la Malengo ya Maendeleo Endelevu, yale yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Septemba 2015. Ngazi moja chini yake iko huduma ya msingi: chanzo ni cha aina ile ile, lakini masharti yale matatu hayakutimia yote, na kama mtu anakwenda kuchota nje ya nyumba yake, kwenda, kupanga foleni na kurudi hakuzidi dakika 30. Zikizidi, ni huduma finyu. Chini zaidi ni visima visivyohifadhiwa, na mwisho kabisa mito na mabwawa.

Tofauti inayopotezwa kila siku ni ya chanzo na huduma. Chanzo ni kitu kilichojengwa. Huduma ni kile kinachomfikia mtu leo, kesho na mwezi ujao. Dunia nzima ilikuwa ikichanganya mambo haya mawili, tena kwa makusudi, kwa kuwa chanzo ni rahisi kuhesabu. Katika Malengo ya Milenia, yaliyotangulia haya ya sasa na kufikia kikomo mwaka 2015, mtu aliyechota kwenye bomba au kisima kilichojengewa alihesabiwa amepata, basi. Hesabu ile haikupima maji yenyewe wala haikuuliza mfereji unatoka siku ngapi kwa wiki. Kwa njia hiyo WHO na UNICEF walitangaza Machi 2012 kwamba lengo la kupunguza kwa nusu sehemu ya watu wasio na maji lilikuwa limeshafikiwa tangu 2010, miaka mitano kabla ya wakati wake. Mwaka 2015 walisema waliobaki bila chanzo kilichoboreshwa ni watu milioni 663.

Miaka miwili baadaye, 2017, ikatoka ripoti ya kwanza kwa kipimo kipya. Kwa mwaka ule ule wa 2015, watu wasiopata maji yanayosimamiwa kwa usalama wakawa bilioni 2.1. Hakuna visima vilivyokauka ghafla katikati. Karibu watu bilioni moja na nusu, waliokuwa wakihesabiwa kwamba wameshapata, walirudishwa kwenye orodha ya wanaosubiri, kwa sababu safari hii waliulizwa maswali yaliyokuwa yakirukwa. Na kwa takwimu za 2024 wanaosubiri bado ni bilioni 2.1. Anayeandika leo kwamba kisima kimechimbwa, kwa hiyo maji yanasimamiwa kwa usalama, anatumia jina la kipimo kipya kwa hesabu ya kile cha zamani.

Chukua nyumba moja ya kawaida, ya Wete au ya Ng'ambo mjini Unguja. Mfereji upo uani, kwa hiyo sharti la kwanza limetimia. Maji hutoka usiku, na si kila usiku. Mama mwenye nyumba amezoea kulala sikio likiwa nje. Akisikia mfereji unapiga upepo, ule mluzi wa hewa unaotangulia maji, huamka akapanga madumu na kulifunua pipa. Maji ya mwanzo hutoka na rangi ya kutu, hayo huwekwa pembeni ya kudekia, na yanayofuata ndiyo ya kupikia na kunywa. Kabla ya adhana ya alfajiri mfereji umekwisha kukauka, na pipa hilo ndilo litakaloiendesha nyumba mpaka maji yarudi.

Sharti la pili limeanguka hapo hapo. Ufuatiliaji wa dunia unapotumia takwimu za mamlaka za maji, hukubali kwamba maji yapo ikiwa yanatoka angalau saa 12 kwa siku. Unapowauliza watu majumbani, huuliza kama katika mwezi uliopita kuna wakati walikosa maji ya kutosha. Mama yule atajibu bila ya kufikiri.

Na sharti la pili likianguka, huliangusha la tatu, jambo ambalo wengi hawalioni. Bomba lililojaa maji yenye msukumo, likiwa na tundu, huvuja kwenda nje. Maji yakifungwa na msukumo ukashuka, tundu lile lile huvuta kuja ndani, na kinachovutwa ni kile kilichopo pembeni mwake, ambacho mara nyingi ni udongo uliorowa maji ya karo. Kwa hiyo maji yaliyotoka kisimani yakiwa mazima, yakapimwa yakapita, yanaweza kufika kwenye dumu yakiwa na E. coli. Cheti cha maabara cha siku ya uchimbaji ni cha kisima, hakisemi chochote juu ya mfereji ulio kilomita kadhaa mbele, baada ya viungio vyote na mabomba ya zamani yaliyopita chini ya nyumba za watu.

Hapa visiwani jambo hili lina uzito wake. Maji yetu karibu yote ni ya chini ya ardhi, na sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni jiwe la matumbawe, lenye mapango na nyufa. Katika mchanga mzuri maji machafu hushuka polepole na kuchujika njiani. Katika jiwe la namna ile hupita upesi, na karo la nyumba moja likawa ndani ya kisima cha nyumba nyengine. Kipindupindu kimekuwa kikirudi Zanzibar tangu 1978, na ndiyo maana kukaandikwa mpango wa miaka kumi wa kukitokomeza, wa 2018 hadi 2027, unaokwenda sambamba na dira ya dunia ya 2017 ya kupunguza vifo vya ugonjwa huo kwa asilimia 90 ifikapo 2030. Huo ni mfano mzuri wa sera ya dunia kushuka mpaka mtaani: maji, vyoo, chanjo na ufuatiliaji wa wagonjwa vimewekwa pamoja, kwa kuwa mtu haugui kwa kukosa kisima, anaugua kwa kilichomo ndani ya kikombe.

Kuna jambo moja ambalo hata kipimo cha dunia hakitusaidii, nalo ni chumvi. Kemikali zinazohesabiwa duniani kote ni aseniki na floridi. Watu wa pwani ya mashariki, ambako visima vikivutwa kupita kiasi maji ya bahari huingia chini kwa chini, wanaweza kuwa na maji yasiyo na kimelea hata kimoja, yanayotoka uani saa zote, na bado yasinyweke. Kwa hesabu ya dunia maji hayo yamepita. Wa kulisimamia hilo ni sisi wenyewe, kwa viwango vyetu vya nchi, na anayetoa takwimu za maeneo yale angelitaja.

Nirudi kwenye hesabu. Ili kupata kiwango cha nchi, WHO na UNICEF hawachukui wastani wa masharti yale matatu. Huchukua lililo chini kabisa. Ikiwa watu 80 kati ya 100 wana mfereji uani, 45 wanapata maji kila wanapoyahitaji, na 60 wanapata maji yasiyo na vimelea, jibu ni 45. Nimeweka namba za mfano tu, lakini utaratibu ndio huo, na ni wa haki: mifereji mingi haiwezi kufunika saa chache za maji.

Hapa ndipo ushirikiano wa kimataifa unapoingia, na ndipo mkanganyiko unapotugharimu. Lengo namba 6.a linazitaka nchi ziongeze ushirikiano na kujengeana uwezo katika maji na usafi. Kipimo chake ni kiasi cha fedha za misaada ya maji na usafi zilizomo ndani ya mpango wa matumizi unaoratibiwa na serikali. Kipimo hicho huhesabu fedha, maji hayamo. Zanzibar imepata sehemu yake: Japani kupitia JICA, shirika lake la ushirikiano wa kimataifa, Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mkopo wa India wa dola milioni 92.18 uliotiwa saini 2018. Fedha za namna hii huleta visima, matangi na mabomba, yaani vitu vinavyoweza kukamilika na kukabidhiwa kwa tarehe. Kupima maji kila mwezi, kuziba tundu kabla halijavuta uchafu, kulipia umeme wa pampu ili maji yatoke mchana, hayo hayana siku ya kukabidhiwa. Katika mkutano wa maji wa Umoja wa Mataifa, New York, Machi 2023, zilitolewa ahadi zaidi ya 700, zote za hiari. Ahadi ya visima ikishatimia na ikaandikwa kwamba watu "wamefikia lengo", mfadhili anafunga faili kwa nia njema kabisa, na hakuna atakayerudi kuuliza habari za saa za maji, kwa kuwa sisi wenyewe tumemwambia kazi imekwisha.

Yapo na mengine yanayotuhusu zaidi Wazanzibari. Maji si jambo la Muungano. Huku yana wizara yake na Mamlaka ya Maji Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 2006. Lakini takwimu inayosomwa duniani ni moja, ya Tanzania. Katika sensa ya 2022 Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773 kati ya 61,741,120, yaani watatu hivi katika kila mia. Hata hali yetu ingepanda au kushuka sana, namba ya taifa isingetikisika. Ikiwa hatukuandika yetu kwa uangalifu, hakuna kwengine itakapoonekana.

Kwa hiyo mwandishi wa habari, ofisa wa mradi, na sheha anayesomewa risala, wote wanaweza kusema kweli bila ya kumpunguzia mtu furaha. Kisima kimechimbwa na mifereji imewekwa njiani? Semeni watu kadhaa wamefikiwa na chanzo kilichoboreshwa, na kama kwenda, foleni na kurudi havizidi nusu saa, wana huduma ya msingi. Hilo ni jambo kubwa kwa mtoto aliyekuwa akichelewa skuli kwa ndoo. Mkitaka kuandika "yanayosimamiwa kwa usalama", ongezeni mambo matatu kwenye taarifa: mfereji uko wapi kwa mwenye nyumba, maji yanatoka saa ngapi kwa siku, na yalipimwa lini mara ya mwisho pale pale mferejini. Likikosekana moja, tumieni jina la ngazi ya chini, kisha mtaje sharti lililobaki ili atakayeleta fedha mwakani ajue pa kuanzia.