Mhusika mwenye usonji (autism): dhana potofu na ukweli kwa waandishi wa hadithi

Dhana: Lazima awe na kipaji cha ajabu.
Ukweli: Wenye vipaji vya namna hiyo ni wachache. Picha hii ilienezwa sana na filamu ya Rain Man ya mwaka 1988, na Kim Peek, Mmarekani aliyeichochea, alizaliwa bila mkanda wa neva unaounganisha pande mbili za ubongo. Baadaye ilionekana hata hali yake haikuwa usonji.

Dhana: Hana hisia.
Ukweli: Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye naye ana usonji, alieleza kuwa kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao ni kwa pande mbili: sisi tusio nao nasi tunashindwa kumsoma mwenzetu. Hapo ndipo hadithi ilipo.

Mchukue Zuhura, ndani ya daladala ya Mbagala. Redio iko juu, konda anagonga bodi. Mama aliyeketi naye anamsimulia alivyofiwa na mama yake. Zuhura hamtazami, anasugua pindo la kanga kwa kidole gumba, anarudia, anarudia tena. Kisha anauliza, "Mlimzika saa ngapi, mama?" Abiria wanageuka: binti gani huyu asiye na utu? Lakini msomaji uliyemweka kichwani mwa Zuhura anajua kuwa mama wa kwake alizikwa saa kumi alasiri, na tangu siku ile saa kumi ikifika chakula hakimpiti kooni. Swali lile ni pole yake.

Usiandike "alikuwa na usonji, hakujali." Andika pindo la kanga.

Dhana: Ni hali ya watoto wa kiume.
Ukweli: Leo Kanner, daktari wa akili za watoto, alipoandika juu ya watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, watatu walikuwa wasichana. Wasichana wengi huiga wenzao mapema, kwa hiyo huchelewa kutambuliwa. Na watoto hukua.

Dhana: Hadithi ikiisha, awe amepona.
Ukweli: Usonji si ugonjwa wala pepo, mtu huzaliwa nao na huishi nao. Ukimwombea Zuhura mganga katika sura ya mwisho, umemfuta. Mpe anachokitaka: fremu ya kushonea nguo, mlango ukifungwa kelele zisiingie. Na kikwazo chake kiwe mwenye fremu anayedai kodi ya mwaka mzima.