Shanga za Ujiji hazikuwa takataka

Mkoba wa shanga wa bibi ukitolewa sandukuni hapa Kigoma, hakosi mtu wa kusema wazee walidanganywa, walipokea kila kioo kinachong'aa kama malipo. Si kweli. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley, akiandaa msafara wake, aliambiwa shanga nyeusi zinapita kama fedha Ugogo tu; Ujiji walitaka zile za umbo la yai, ambazo kwingine zilikataliwa. Msafara uliokosea rangi ulibaki na mzigo usionunua hata samaki.

Shanga nyekundu zilizoitwa samisami ndizo zilizosumbua watu. Mpelelezi Mwingereza Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, anasema ziliitwa pia kwa jina lenye maana ya kimaliza-chakula: mtu aliacha mlo wake azipate! Nyingi zilitoka Venice, kulikotoka pia shanga za mikoba ya mabibi wa Ulaya.