Je, wajua kwa nini fundi hupima levo ya sakafu kwa mpira wa maji?

Ukianza kukarabati nyumba ya zamani hapa Nairobi, pale Umoja ama Buruburu, mara nyingi unakuta sakafu haijakaa sawa, meza inacheza, na maji ya kupiga deki yanakimbilia kona moja. Sababu ni nyingi, ikiwemo ule udongo mweusi wa pande za Embakasi unaofura mvua ikinyesha na kunywea kiangazi. Lakini kinachonivutia hapa ni ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, mafundi wawili wanaushika huku na huku na kuweka alama ukutani.

Mimi niliamini kwa muda mrefu kwamba upande wenye maji mengi unasukuma ule mwingine. Wakati wa kutengeneza sebule yetu mpira ulikuwa umejikunja mizunguko mitatu miguuni pa fundi mmoja, nikamwambia aunyooshe kwanza la sivyo kipimo kitapotoka. Akasema, "Boss, njoo uone," akazileta ncha mbili pamoja bila kugusa ile mizunguko na maji yakasimama sambamba kabisa!

Chukua birika. Tumboni kuna chai ya watu sita, kwenye mdomo kuna kijiko kimoja ama viwili tu, na bado chai inasimama kimo kimoja pande zote, hata ukiliinamisha kidogo. Presha ya maji inatokana na kimo chake, wingi hauhesabiki. Ni kama magunia ya simiti yaliyopangwa stoo, lile la chini kabisa linabeba yaliyo juu yake tu, safu ya jirani hata iwe na magunia mia haliisikii. Kwa hivyo mpira unaweza kupita koridoni, ukapinda kona, ukalala chini ya mlango, na bado ncha mbili zinakubaliana, kitu ambacho pimamaji fupi, ile rula yenye kipovu ndani, haiwezi.

Ila ncha zote ziwe wazi, ukisahau kidole juu ya moja hewa inabanwa na maji yanadanganya. Povu la hewa nalo likiziba mpira mahali unaposimama wima, upande huo maji yanapanda zaidi, karibu urefu wa povu lenyewe, kwa hivyo gongagonga mpira mpaka litoke. Na kama sehemu imelala juani na nyingine iko kivulini kunaweza kuwa na tofauti ndogo, kwa chumba cha kawaida sijaona ikisumbua.

Alama zikishakuwa ukutani unashusha futi ya kupimia mpaka sakafuni. Kwetu mlangoni ilisoma sentimita 98.5 na dirishani 101, yaani pale mlangoni ndipo palipoinuka, dirishani ni bonde la sentimita 2.5, na hapo ndipo skridi, lile tabaka la simiti na mchanga, inaenda kujazwa. Lakini kama kuna ufa unaozidi kupanuka kila msimu usimwage kitu bado, mwite mtu aangalie msingi kwanza, kwa sababu skridi mpya itapasuka palepale.