Bima ikikukataa, uliza imekataa nini

Mwezi wa tatu mama mmoja Mkongo alikuja kwangu hapa Columbus, Ohio, na barua iliyokunjwa mara nne. "Ni sukari yangu, mwanangu," akasema kabla sijaifungua. "Wameona nina sukari, wamenikataa."

Barua haikutaja kisukari popote. Ilitaja tarehe tu.

Kazi yangu ni kuwasaidia watu kujiandikisha kwenye bima ya afya, na hofu hiyo naikuta karibu kila wiki. Haikuzuka hewani. Zamani kampuni nyingi za Marekani zilikuhoji kwanza kuhusu afya yako, na zikisikia kisukari au saratani, zilikufungia mlango. Sheria iliyosainiwa Machi 2010, ambayo wengi huiita Obamacare, ilikomesha hayo kuanzia 1 Januari 2014. Mpango unaofuata sheria hiyo humpokea kila anayestahili, na ugonjwa hauongezi bei. Sigara inaweza kuongeza.

Sababu halali za kukataa zimebaki chache. Ya kwanza ni kalenda: Ohio dirisha la kujiandikisha hufunguliwa 1 Novemba, na kwa bima ya 2025 lilifungwa 15 Januari. Nje ya hapo uwe na tukio linalokupa nafasi, kama kuzaa, kuoa au kupoteza bima ya kazini, na kwa kawaida unapewa siku 60. Aliyehamia Marekani kutoka nje naye anazo. Mama yule alipunguzwa kazini Desemba, bima ikaisha na mwezi, naye akafika siku ya 71. Bahati nzuri kipato chake kilikuwa kimeshuka, tukaomba Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo haina msimu.

Ya pili ni ramani. Ukiishi kaunti ambayo mpango hauhudumii, hawana haja ya kukupokea.

Ya tatu wengi hawaijui. Kampuni inaweza kuiambia mamlaka ya bima ya jimbo kwamba madaktari na hospitali zake zimeelemewa, haziwezi kuhudumia wateja wapya bila kuwaangusha waliopo. Ikikubaliwa, hufunga mlango eneo hilo, na hairuhusiwi kuufungua kabla ya siku 180. Siku 180 hizo ndizo kinga yako. Lazima ifunge kwa wote. Haiwezi kumkataa leo mgonjwa wa figo, kesho ikampokea kijana asiyejua hata homa. Ukiambiwa "tumejaa", uliza wamejaa tangu lini na kwa nani.

Sasa, fomu ikianza na "Je, umewahi kutibiwa moyo, kisukari, saratani?" simamisha kalamu. Huenda unauziwa bima ya muda mfupi, ambayo sheria ile haiigusi. Hiyo inaweza kukukataa kwa ugonjwa, au ikupokee halafu igome kulipa bili. Wanaoiuza kwa simu wana maneno matamu kuliko sisi.

Wazee nao wana mtego wao, Medigap, bima ya kuziba mapengo ya Medicare, ile bima ya serikali ya wazee. Ukishatimiza miaka 65 na kuwa na Sehemu B ya Medicare, inayolipia madaktari, una miezi 6 ya kupokelewa bila kuulizwa ugonjwa. Ikipita, majimbo mengi huiachia kampuni ikuchunguze na kukukataa. Mama yule ana miaka 64. Nimemwandikia mwezi wake kwenye kalenda ya ukutani, jikoni kwake, kwa kalamu nyekundu.